Kumhamisha mwizi si kumhukumu

Machi 1786, mahakama ya Maidstone huko Kent, Uingereza, ilimtia hatiani mtu mweusi aliyeitwa John Caesar kwa kuiba pauni 12 na shilingi 4 ndani ya nyumba ya watu. Baadhi ya wanahistoria wanaamini asili yake ilikuwa Madagaska. Alipewa miaka 7 ng'ambo, akapakiwa katika Alexander, mojawapo ya meli 11 zilizong'oa nanga Mei 1787 na kufika Australia Januari 1788. Kule kazi ilikuwa nzito na posho ya chakula ndogo. Caesar, pande la mtu lenye njaa isiyoisha, aliiba chakula, akatorokea porini, akakamatwa, akapelekwa kisiwa cha Norfolk, akarudishwa, akatoroka tena. Mwishowe gavana John Hunter akaahidi galoni 5 za pombe kali kwa atakayemkamata, na Februari 1796 akapigwa risasi akafa. Aliyevushwa bahari kwa sababu ya wizi aliuawa akisakwa kwa wizi uleule. Adhabu ilibadilisha mahali alipoibia, basi.

Hilo ndilo nalolisisitiza: kumhamisha mhalifu huwatuliza wanaobaki, lakini hakuondoi kilichomfanya mhalifu. Uingereza ilikuwa na sheria ya namna hii tangu 1718, ikiwapeleka wafungwa Amerika hadi vita vya uhuru vikaufunga mlango huo. Magereza yakafurika, ikatafutwa nchi nyingine. Hadi 1868 wafungwa wapatao 160,000 walikuwa wamepelekwa Australia, na jasho lao likajenga koloni juu ya ardhi ya wenyeji ambao hawakuulizwa. Wapo watakaosema adhabu hii iliwaokoa wengi na kitanzi, na kwamba Mary Reibey, aliyefika huko msichana kwa kosa la kuiba farasi, alikuja kuwa mfanyabiashara tajiri wa Sydney. Ni kweli. Ila kilichomwinua kilikuwa biashara, familia na nafasi ya kuanza upya, mambo ambayo hayahitaji bahari ili yapatikane. Bunge la Uingereza lenyewe, kupitia kamati ya William Molesworth ya 1837 na 1838, liliulaani utaratibu huo.

Kwa nini jambo hili liwahusu wasomaji wa wilaya za Mbulu na Hanang, Tanzania? Kwa sababu fikra hiyo haikufa na meli. Mwaka 1921 Waingereza waliiletea Tanganyika sheria ya kuwahamisha watu kwa amri ya mtawala, toka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, na sheria ya pili ya adhabu ya pamoja, iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Caesar, pamoja na yote, alisimama mbele ya hakimu. Huku mtu aliweza kuondolewa kwao bila kesi. Na katika nchi ya wafugaji kama Wabarabaig, faini ya pamoja humtoa ng'ombe zizini kwa mjane ambaye hajamgusa mnyama wa mtu. Uhuru haukuzifuta sheria hizo. Mwaka 1969 ikaongezwa sheria ya kuwapeleka wahalifu sugu katika makazi maalumu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Wizi wa mifugo huua watu, mashahidi hutishwa, kesi huchukua miaka. Mwenye boma lililovamiwa ataona heri mwizi apelekwe mbali. Lakini mbali kwa nani? Anakopelekwa kuna watu pia, na mtuhumiwa asiye na hatia huondolewa sawasawa na mwenye hatia, maana hakuna aliyepima ushahidi. Shahidi anayetishwa analindwa kwa polisi waaminifu na mahakama iliyo karibu. Mwaka 1988, huko Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliitamka ile sheria ya 1921 ya kuhamisha watu kuwa kinyume cha Katiba, na Tume ya Nyalali, tume ya rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Nyalali, katika ripoti yake ya 1992, iliiweka pamoja na ile ya adhabu ya pamoja kati ya sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Kwa hiyo kiongozi yeyote atakayesimama mkutanoni Katesh au Haydom na kudai kabila au ukoo fulani uhamishwe kwa sababu ya wezi wachache, aombwe ataje majina na kuyapeleka mahakamani.