Gia ngumu kuingia? Anza kuangalia oili ya giaboksi

Daladala na pikapu za manyuo zinazopanda na kushuka vilima vya Mwanza hubadilisha gia kila mara. Oili ya giaboksi ina kazi mbili zinazovutana.

Meno ya gia yanataka utelezi. Oili ikipungua, chuma husugua chuma, hupata moto na kulika.

Ringi za sinkronaiza zinataka msuguano. Hushika koni ya gia ili spidi zilingane kabla gia haijaingia. Oili ikiteleza kupita kiasi, gia inakwaruza.

Ndiyo maana GL-4 na GL-5 si kitu kimoja. GL-5 ni ya mzigo mzito kama wa difu, ina salfa na fosforasi nyingi zaidi, na baadhi yake hula ringi za shaba. Fuata kitabu cha gari, siyo bei ya dukani.

Umeoshea gari ndani ya ziwa? Maji yanaweza kupita kwenye tundu la kupumulia la giaboksi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote, iwekwe mpya.

Iliyotolewa isimwagwe mtaroni: Mto Mirongo huishia Ziwa Victoria.