Meza Isiyouliza Ukoo

Anayeketi asubuhi katika mgahawa wa Majengo, Pasua au Kiboriloni mjini Moshi na kuagiza bakuli la mtori kwa chapati mbili huamini kwamba anakula kama walivyokula wazee wa mlimani tangu zamani. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Ndizi na nyama zilizomo bakulini ni za kale, lakini kuketi na mtu usiyemjua, kula sehemu unayoitaka na kuondoka bila deni la shukrani kwa yeyote ni mambo mapya, yenye umri wa miaka mia moja na ushei. Wanaosimulia maendeleo ya Kilimanjaro hutaja misheni, shule, kahawa na ushirika. Nashikilia kwamba mgahawa wa mtaani unastahili kutajwa pamoja na hivyo, kwa sababu ndipo watu wa mlima huu walipojifunza kula pamoja kama raia, bila kwanza kuulizana ukoo.

Ili kulipima dai hilo, tuanze na mlo wa kihambani, yaani katika shamba la migomba la ukoo. Mgomba wenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya jirani, na ulifika Afrika Mashariki zamani sana, kabla ya reli, kabla hata ya Wazungu kuuona mlima. Kwenye miteremko yenye rutuba na mifereji ya kumwagilia, ndizi ikawa msingi wa maisha: ikapikwa na nyama ikawa machalari, ikapikwa na maharage ikawa kiburu, ikaivishwa na kuchanganywa na ulezi ikawa mbege. Lakini nani ale nini, wapi na lini, hilo lilikuwa suala la sheria. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga, wenyeji wa mlima huu, mwaka 1926, pamoja na Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1986, wote wanaonyesha jinsi mnyama aliyechinjwa alivyogawanywa kwa kufuata udugu, umri na heshima. Wanaume wa ukoo walikula migombani, na wanawake wakapelekewa mafungu yao nyumbani. Kipande cha nyama kilimweleza kila mtu mahali pake. Mtori nao ulikuwa na mwenyewe: mzazi, aliyelishwa na kupumzishwa kwa miezi kadhaa baada ya kujifungua. Aliyekuwa nje ya mtandao huo alikula kwa hisani ya mwenyeji wake.

Kilichohitaji meza ya namna nyingine ni mji. Reli iliyoanzia Tanga ilifika mwaka 1911, na Moshi mpya ikakua tambarare, chini ya Old Moshi, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemnyonga Meli, mangi (mtawala wa jadi) wa huko, mwaka 1900. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliunganisha Voi na Kahe, na njia ya kwenda Mombasa ikafunguka. Zikaja treni na vibarua, makarani, mafundi, Waswahili wa pwani, Wapare kutoka milima ya jirani, na wafanyabiashara wenye asili ya India. Wengi wao hawakuwa na kihamba hapo wala shangazi wa kuwapikia. Kuuza chakula hakukuwa kugeni kabisa, maana wanawake wa mlimani walikuwa na masoko yao tangu kale, na misafara ya pwani ilinunua ndizi na maharage kwao. Kipya kilikuwa chakula kilichopikwa, kilichowekwa bei na kuwa tayari kwa yeyote anayeingia. Wageni hao nao hawakuja mikono mitupu. Chai ya maziwa, chapati, sambusa na pilau ni urithi wa Bahari ya Hindi, na leo hakuna anayeziita za kigeni mbele ya bakuli la mtori.

Kahawa ikampa mgahawa wateja kutoka mlimani kwenyewe. Zao hilo lililoanza kwenye misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19 lilisambaa vihambani, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na muungano wa vyama vya ushirika, KNCU, ukafuata mwaka 1933. Mkulima aliyeshuka Moshi kwa shughuli za ushirika alikuwa na fedha mfukoni na njaa ya safari tumboni. Kando ya barabara na masoko zikaja bucha, na pembeni ya bucha jiko la mkaa. Hapo ndipo sheria ya zamani ilipolegea kimyakimya: kijana akaweza kununua kipande ambacho kihambani kingekwenda kwa mzee wake, na mwanamke mwenye fedha akaweza kujiagizia nyama bila kusubiri fungu lake. Mtori nao ukatoka chumbani mwa mzazi ukawa staftahi ya dereva, mwalimu na mpagazi. Supu maarufu ya Vietnam, phở, ilipita njia kama hiyo. Ilichukua sura yake kaskazini mwa nchi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ukoloni wa Ufaransa ulipoongeza uchinjaji wa ng'ombe na wachuuzi wa mitaani wakapata mifupa ya kuchemshia. Baada ya mwaka 1975 wakimbizi waliisambaza duniani, na leo mataifa huijua Vietnam kwa mlo uliokuzwa barabarani.

Wapo watakaosema mgahawa uliua undugu ukaweka fedha mahali pake. Ushahidi haukubali. Kila Desemba Wachagga waliotapakaa nchi nzima hupanda mlimani, mbuzi huchinjwa, kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hunywewa, na mafungu bado yanatolewa kwa mpangilio. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imevuka mipaka ya mkoa na kuingia katika harusi za makabila mengine. Mezani pa ukoo bado kuna watu. Kilichoongezeka ni meza ya pili.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba fedha nayo hubagua: asiye na shilingi hali. Ni kweli, na siwezi kuufuta ukweli huo. Lakini ubaguzi wa fedha na ule wa nasaba haulingani. Aliyekosa leo anaweza kupata kesho, ilhali aliyezaliwa nje ya ukoo hakuwa na kesho yake. Zaidi ya hayo, waliofanya meza hii iwe nafuu ni wanawake wenyewe. Ardhi ya vihamba ilipogawanywa hadi ikabaki vipande, na ugumu wa uchumi wa miaka ya 1980 ulipofanya mishahara isitoshe, wapishi wa mitaani tunaowaita mama lishe walibeba sufuria zao sokoni na stendi wakalisha mji, hata pale sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983 ilipowatazama wafanyabiashara wadogo kwa jicho la shaka. Kwa kufanya hivyo waliendeleza kazi ya bibi zao waliouza ndizi kwenye masoko ya mlimani, na wakageuza ujuzi wa jikoni, ambao kihambani haukulipwa, kuwa karo za watoto.

Kwa hiyo historia ya Moshi iliyoandikwa kwa kumbukumbu za mangi, misheni na ushirika pekee ina pengo. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 kisha vikarudi. Umangi ulifutwa mwaka 1963. Mgahawa wa mtaani haukufunga mlango katika misukosuko hiyo yote. Wanaoujua kwa kazi ya mikono yao wanazeeka, na wengi wao hawajawahi kuulizwa habari zake na mwanahistoria yeyote. Waulizwe sasa: nani alianza kuuza mtori kwa mpita njia, nani alikasirika, nani alikula kwanza. Majibu yao yataeleza jinsi watu wa koo na makabila mbalimbali walivyogeuka kuwa watu wa mji mmoja, na jambo hilo ni kubwa kuliko bei ya kahawa ya mwaka wowote.