Upepo wao, stima yetu
Chuo niliacha, lakini historia sijaacha. Leo tuongee stima.

Mwaka 1922, kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliungana zikawa East African Power and Lighting. Mpango wa serikali wa kupeleka stima vijijini ulianza lini? 1973. Miaka 51 baadaye, wasee! Waya zilifuata pesa.

Sasa cheki kaunti ya Marsabit. Mwaka 2018, mitambo 365 ya upepo huko Loiyangalani iliunganishwa na gridi ya taifa. Laini yake inapita zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Na Marsabit mjini wakati huo? Jenereta za dizeli.

Ndiyo maana nakubali gridi ndogo: sola, betri na waya fupi, zote hapo hapo kijijini. Mradi wa KOSAP, wa serikali na Benki ya Dunia, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, na mpango ni mteja alipe bei sawa na ya Nairobi.

Hiyo bei ndiyo ya kupigania. Kijiji kikilipishwa kuliko Westlands, tumerudi 1922, tofauti ni paneli tu.