Ufagio, Daftari na Sahihi

Mzazi wa Tanzania anayemwandikisha mtoto darasa la kwanza hupewa karatasi ya maelekezo, mara nyingi kivuli kilichotolewa kutoka kivuli kingine hadi herufi zimefifia. Ndani yake mna mambo ya aina mbili. Kwanza ni vile mtoto anavyotakiwa kuja navyo: nakala ya cheti cha kuzaliwa, sare, viatu vyeusi, madaftari na, katika shule nyingi, ufagio. Kisha yanafuata yanayokatazwa: kuchelewa, utoro, kucha ndefu, nywele zisizokatwa, matusi. Mzazi wa Osaka naye hupokea karatasi zake kabla ya Aprili, mwezi ambao shule za Japani huanza mwaka wa masomo. Zake ni nyingi zaidi, na zimejaa vipimo vya mifuko na maelezo ya mahali pa kuandika jina. Mzazi wa Ohio, Marekani, hupata kijitabu kizima, na mwishoni mwake ukurasa wa kutia sahihi na kuurudisha shuleni.

Ukizisoma hati hizi pamoja, makatazo yanafanana mno. Hakuna nchi inayofurahia mtoto kufika darasani saa nne, wala inayoruhusu ngumi uwanjani. Zinapoachana ni katika swali ambalo hakuna hati inayoliuliza waziwazi: sheria ikivunjwa, mzigo wake humwelemea nani? Jibu huonyesha kila jamii inamwona mzazi kuwa nani mbele ya mwalimu.

Nianze na ufagio, kwa sababu hapo Tanzania na Japani zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Katika shule ya msingi ya Pwani mtoto hufika asubuhi na ufagio wake wa chelewa, na kabla ya kengele, ambayo mara nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, tayari vumbi limetimka uwanja mzima. Kila darasa lina eneo lake. Kiranja hupita akikagua, na mwalimu wa zamu hupita akimkagua kiranja. Penye shida ya maji, watoto huja pia na madumu. Baadaye wote husimama mstarini, kucha na kola zikatazamwa, ukaimbwa wimbo wa Taifa. Huko Japani mtoto wa darasa la kwanza huja na tambara la kufutia sakafu, ambalo kwa desturi mama alilishona kwa taulo kuukuu, ingawa siku hizi dukani yanauzwa yaliyoshonwa tayari. Saa ya usafi ikifika, madawati husogezwa upande mmoja, watoto huinama, mikono yote miwili juu ya tambara, na kulisukuma kwa kukimbia kutoka ukuta hadi ukuta. Katika shule nyingi husafisha hata vyoo. Mwalimu naye hushika ufagio pamoja nao.

Kwa mtazamaji wa Ohio au Manchester, ambako usafi ni kazi ya mtumishi anayelipwa mshahara, shule hizi mbili ni ndugu. Zote mbili zinaamini kwamba anayetumia chumba ndiye anayekisafisha. Lakini Japani usafi umepangwa ndani ya ratiba ya malezi na hautolewi kama adhabu ya kawaida. Aliyekosa na asiyekosa wanafuta sakafu ileile. Kwetu kazi hiyohiyo ina nyuso mbili. Asubuhi kufagia ni wajibu wa wote, lakini saa nne kufagia, kumwagilia bustani au kung'oa kisiki ni malipo ya kosa. Mtoto hujifunza kwa vitendo kwamba jembe ni la aliyekosea. Hilo linanisikitisha, maana Mwalimu Nyerere alikusudia kinyume chake. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, aliitaka shule iwe jumuiya inayoishi kama familia, walimu na wanafunzi wakishiriki kazi na kujadiliana mipango yake. Jembe lilibaki, majadiliano yakapungua, na mwalimu aliyepaswa kulima pembeni ya mwanafunzi akageuka msimamizi wa walioadhibiwa. Lakini haki itendeke: shule ya kijijini isiyo na mhudumu wala bomba ingefagiliwa na nani? Japani ya leo hufanya usafi kuwa malezi huku ikiwa na maji ya bomba kila ghorofa.

Kwenye fimbo njia zinaachana kabisa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na adhabu iandikwe kitabuni. Kenya ilifuta fimbo shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Japani ilikwisha kuikataza mwaka 1879, katika amri ya elimu ya enzi ya Meiji, na kifungu cha 11 cha sheria yake ya shule ya 1947 kikarudia katazo hilo, ingawa katazo peke yake halikuondoa mikono ya walimu wote. Marekani haina kauli moja. Jimbo la New Jersey lilipiga marufuku mwaka 1867, lakini mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumchapa mwanafunzi hakuvunji Katiba, na majimbo kadhaa, hasa ya kusini, bado yanaruhusu. Kwa hiyo asijidanganye mtu kuwa suala hili lina upande wa Afrika na upande wa dunia nyingine. Mpaka wa Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, ni mkali kuliko bahari.

Mzazi yuko wapi katika adhabu hizi? Ili kujibu lazima turudi kwenye vyuo vya Kurani vilivyotangulia shule za serikali. Katika Uswahili, mtoto alipelekwa chuoni na baba yake au mjomba, akakabidhiwa kwa mwalimu kwa maneno ya mdomo. Hapakuwa na fomu. Mwalimu alichukua nafasi ya mzazi kwa muda wa masomo, na mtoto angeweza kutumwa maji au kuni nyumbani kwa mwalimu bila mtu kuuliza. Kila mmoja alisoma mahali pake, huyu bado yuko kwenye alifu kijiti, yule amefika Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu, wote chini ya paa moja na sauti zao zikipandana. Alhamisi jioni na Ijumaa zilikuwa mapumziko. Fimbo ilikuwepo, lakini lililoogopewa zaidi ni kukosa radhi ya mwalimu, jambo ambalo lingemfuata mtu hadi uzeeni. Sheria ilibebwa na moyo.

Japani kabla ya mfumo wa shule za serikali wa 1872 ilikuwa na kitu kinachofanana na hicho kwa namna ya kushangaza. Terakoya, vyuo vidogo vya mijini na vijijini vilivyoenea katika enzi ya Edo, vilikuwa na mwalimu mmoja, watoto wa umri tofauti, na kila mmoja akinakili herufi za kiwango chake. Mzazi alileta zawadi na ada kwa kadiri ya uwezo wake na mazoea ya mahali. Chuo chetu kilisimama juu ya kitabu kitukufu, cha kwao juu ya hesabu, barua na maadili ya kazi. Hilo ni tofauti kubwa. Lakini katika vyote viwili mkataba ulikuwa kati ya nyumba na mtu, na mtu huyo alijulikana kwa jina na ukoo wake.

Dola ndiyo iliyoubadili mkataba huo. Mwaka 1763 Frederick wa Pili wa Prussia alitoa kanuni ya shule za vijijini iliyowalazimisha wazazi kuwapeleka watoto shule tangu umri wa miaka mitano, na asiyetii alitozwa faini. Uingereza ilifuata kwa mwendo wa polepole, ikalazimisha mahudhurio kwa sheria ya 1880. Hapo mzigo ulihama kutoka mgongo wa mtoto hadi mfuko wa baba. Umebaki hapo mpaka leo: tangu Agosti 2024 mzazi wa Uingereza anayemtorosha mtoto kwenda likizo katikati ya muhula anaweza kutozwa pauni 80, zikawa 160 akichelewa kulipa. Mfumo huo ulitufikia kwa meli. Shule ya serikali ya Kijerumani iliyofunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifundisha kwa Kiswahili, bila dini, ili kuwapata watoto wa Kiislamu na kuwafanya makarani na maakida. Na pamoja na kalamu ilileta daftari la mahudhurio. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 inarithi wazo hilo, na mtoto mtoro anaweza kumletea mzazi wake wito wa mtendaji wa kijiji.

Marekani iliongeza kitu cha tatu, nacho ni karatasi yenyewe. Kijitabu cha shule ya Ohio hakitegemei radhi, na hakianzi na faini. Kinaeleza kosa, ngazi za hatua, nani atapigiwa simu, na haki ya mzazi kusikilizwa. Kesi ya Goss dhidi ya Lopez ya mwaka 1975, iliyotokea Ohio kwenyewe, ilithibitisha kwamba mwanafunzi hasimamishwi masomo bila kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujieleza. Shule zinazopata fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa familia maskini zinatakiwa ziandike mapatano na wazazi, kila upande ukitaja wajibu wake. Yapo makubwa ya kuheshimu hapa: mtoto wa miaka minane anahesabiwa kuwa mtu mwenye haki ya kusikilizwa. Lakini mfikirie mama wa Kikongo aliyehamishiwa Columbus, Ohio, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Shule inawajibika kuwasiliana naye kwa lugha anayoielewa, hivyo kijitabu huenda kikamfikia kwa Kiswahili. Maneno anayasoma yote. Asichokipata ni mtu. Kwao alizoea kusimama mlangoni pa ofisi, akaamkiana na mwalimu, wakaulizana habari za nyumbani kabla ya kuligusa kosa la mtoto. Hapa anaombwa sahihi na mtu ambaye hajawahi kunywa naye hata maji.

Kati ya mkono wa mwalimu wa chuoni na sahihi ya Ohio, Japani ina daftari. Renrakucho ni kijitabu kidogo kinachokwenda na kurudi katika mkoba wa mtoto kila siku. Mwalimu huandika kazi ya nyumbani na alichokiona. Mzazi hujibu, hugonga mhuri wake mdogo au kutia saini. Mtoto akiugua, kwa desturi mtoto wa jirani anayetembea naye kwenda shule hulibeba daftari hilo, na jioni hulirudisha likiwa na masomo yaliyompita mgonjwa. Mwanzo wa mwaka walimu wengi walizoea kuzuru nyumba ya kila mwanafunzi, wakakaa dakika chache na kuondoka. Kosa dogo huishia katika mistari mitatu ya wino baina ya watu wazima wawili, mtoto asijue lililoandikwa au ajue nusu yake.

Gharama ya utaratibu huo hulipwa na mama. Kabla ya siku ya kwanza hutakiwa kuandika jina la mtoto katika kila kitu, na ninasema kila kitu: kila penseli, kila soksi, hata kila kijiti cha kuhesabia na kila kidude cha rangi katika sanduku la hesabu, vingine vidogo kama ukucha. Hushona mifuko kwa kipimo kilichoandikwa. Mama anayefanya kazi hadi usiku huona karatasi ile ya vipimo kuwa mtihani wa malezi yake. Mizigo ya Japani hukaa katika vidole vya wanawake, na huko kwenyewe malalamiko yanasikika.

Kwetu mawasiliano yana umbo jingine. Barua ni mtoto mwenyewe. "Kesho njoo na mzazi," huambiwa, na mtoto hurudi nyumbani akiwa amebeba shtaka lake mdomoni, akilipunguza kadiri ya ujasiri wake. Mzazi anayeitwa shuleni anajua kuna mawili: mchango au kosa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, lakini haukuandika ni kwa jambo gani jingine mwalimu na mzazi wakutane. Naona hapa ndipo penye upungufu wetu, kuliko hata kwenye fimbo. Mwalimu anayekutana na Baba Asha mara moja kwa mwaka, tena kwa ubaya, hana njia ya kumwambia kwamba Asha anaona ubaoni kwa shida. Lakini kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wapo wanaofundisha zaidi ya mia moja katika chumba kimoja. Japani, ambayo kiwango chake kilikuwa 40, ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kukishusha hadi 35 katika shule za msingi. Madaftari mia moja kila jioni hayaandikiki, na anayeleta mfano wa Japani bila kuhesabu vichwa anamwonea mwalimu wetu.

Sasa simu inaingia kila mahali. Shule za Japani zinapokea taarifa za ugonjwa kwa programu badala ya mtoto wa jirani, na huku kwetu wazazi wa mijini wamo katika makundi ya WhatsApp ya darasa. Kasi imeongezeka, lakini kundi si daftari. Lile la wino lilisomwa na wawili. La kundi linasomwa na wazazi wote, na jina la mtoto aliyeiba rula likitajwa asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Walimu wenye busara wamekwisha kuliona hilo. Kundini huweka tarehe za mitihani na ratiba ya uji. Kwa kosa la mtoto humpigia mama yake simu, wakaanza na salamu.