Kongwa, 1947: Mradi Ulioshindwa Karakana

Wanafunzi wangu wanapoulizwa kwa nini Mradi wa Karanga wa Kongwa ulianguka, hujibu kwa neno moja: ukame. Jibu hilo si la uongo. Ugogo ni nchi ya mvua haba, na waliopanga mradi ule huko London wangeweza kuwauliza Wagogo kabla ya kununua hata trekta moja. Hata hivyo, kabla ukame haujapata nafasi ya kuua karanga, mradi ulikuwa umekwisha kushindwa mahali pengine. Ulishindwa karakana.

Tukumbushane. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula uliofuata vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki chache tu, kisha ukapendekeza ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilikuwa zimefyekwa ekari zipatazo 7,500.

Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya kijeshi, mabaki ya Wamarekani kutoka Ufilipino. Yalishushwa Dar es Salaam, yakasubiri treni, na reli yenyewe ikakatwa na mafuriko ya mto Kinyasungwe. Yaliyofika yalikutana na udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali na, jembe likipita, husaga chuma kama msasa. Mizizi ya vichaka ilipinda kila kilichoingizwa ardhini. Katikati ya mwaka ule sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala, ikingoja vipuri ambavyo havikuwapo, na mafundi ambao hawakutosha. Madereva wapya walifunzwa kwa haraka kuendesha mitambo. Wa kuitunza hawakuandaliwa kwa kasi ileile.

Mpango ulihesabu ekari, tani na pauni. Mtu mwenye spana na kopo la grisi hakuhesabiwa, au alihesabiwa kama jambo la baadaye. Alipoletwa, aliletwa kibarua, katika mji wa mahema ambako maelfu ya watu walikuwa wamemiminika na bei ya chakula ikapanda kuliko ujira. Si ajabu kwamba mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam mwezi Septemba 1947 ulisambaa kufuata reli, ukaigusa Kongwa. Januari 1951 London ilitangaza kuuacha mradi, baada ya pauni zipatazo milioni 36 kupotea. Majina ya Samuel, ya Wakefield na ya waziri John Strachey yamo katika kila kitabu. La fundi hata mmoja wa Kongwa silijui, nami ni mwalimu wa historia.

Naandika haya nikiwa Dodoma, mji ambao tangu uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 umekuwa ukijengwa, na ambao katika miaka ya karibuni umejengwa kwa kasi ya kutisha. Kila jengo lina jiwe la msingi lenye jina la aliyelizindua. Lakini uwanda huu haujaacha kula vyuma. Maji yetu yana chumvi: huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba, huziba vali, huunguza hita. Vumbi la Agosti huingia kwenye viyoyozi na jenereta. Anayepambana na hayo kila siku ni fundi wa jengo, ambaye mara nyingi ana mkataba wa miezi mitatu na hana kiti katika kikao kinachopanga bajeti. Watumishi wenzangu wa umma wanajua fungu linalokatwa kwanza fedha zinapopungua: ni la matengenezo.

Juzi, katika jengo moja la ofisi ambalo sitalitaja, nilimkuta fundi amekaa ngazini, pampu ya maji imefunguliwa miguuni pake. Nikamwamkia, nikamuuliza tatizo nini. Akanionyesha mpira wa kuzuia maji, umelika, si mpana kuliko bangili ya mtoto. Alikuwa ameuombea fedha kwa maandishi mara tatu. Ghorofa nne juu yetu watu walikuwa wakipanda na ndoo.