Muda wa Kukaa Kitini

Katika Buhaya ya kale, swali la Mukama atatawala miaka mingapi halikuwa na nafasi. Awe Mukama wa Kiziba, wa Kianja, au wa Ihangiro ambako leo ni Muleba, alishika ngoma ya enzi mpaka kufa kwake. Mwanafunzi asidhani kwamba Mukama alitenda kila alitakalo. Palikuwa na koo, wakuu wake na mila zilizomfunga. Lakini vizuizi hivyo vilihusu namna ya kutawala, havikuhusu muda. Kaburi ndilo lililokuwa mlango wa kutokea, na wana wa kifalme walisubiri mlangoni hapo, kila mmoja na wafuasi wake. Katika Karagwe jirani, alipofariki Ndagara katikati ya karne ya 19, Rumanyika alipambana na nduguye Rogero kabla ya kutulia kitini.

Muda huo usio na kikomo ulimgusa mkulima migombani mwake. Mukama aliweza kumpa mtu wake eneo kubwa la ardhi kwa desturi iliyoitwa nyarubanja, na waliokuwamo ndani yake wakawa wapangaji katika vibanja walivyovilima wao na wazee wao. Wajerumani, waliojenga boma Bukoba mwaka 1890, hawakuondoa enzi hizo. Kahigi wa Kianja alizidi kupata nguvu kwa kuwa karibu nao. Mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963, na sheria ya mwaka 1965 ikafungua njia ya kumaliza nyarubanja.

Hata hivyo, Jamhuri iliyozaliwa tarehe 9 Desemba 1962 haikumwekea Rais ukomo wa vipindi. Mwalimu Nyerere alirudi kwa wapiga kura mwaka 1965, 1970, 1975 na 1980, akiwa mgombea pekee wa kura ya ndiyo au hapana. Haki isemwe: hakuwa mfalme, lakini sheria haikumtaka aondoke.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mpaka, Idi Amin alitangazwa rais wa maisha mwaka 1976. Miaka miwili baadaye majeshi yake yaliingia Missenyi, wakati ule sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likabomolewa. Sisemi kwamba vita ilitokana na cheo hicho. Nasema kwamba Waganda hawakuwa na siku ya kungojea, ambayo sheria ingemwambia mtu yule basi. Aliondolewa kwa mizinga, Aprili 1979.

Ukomo wetu uliandikwa katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984: vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka. Neno hilo lenyewe lilitoka Kizanaki, likaingia katika Kiswahili kwa kinywa chake, kwa maana lugha yetu haikuwa imepata haja ya neno la mtawala anayeinuka kitini kwa hiari yake. Wengi husifu zaidi kule kung'atuka. Mimi naiweka mbele sheria iliyotangulia, kwa sababu hiari ya mtu mmoja haiwezi kurithiwa. Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Huko Zanzibar, Salmin Amour alipotajwa kwa kipindi cha tatu mwaka 2000, chama chake mwenyewe kilikataa.

Ibara ya 40 ilifikiria hata kifo. Makamu anayerithi kiti akatumikia chini ya miaka mitatu ya kipindi kilichobaki anaweza kugombea mara mbili. Akitumikia miaka mitatu au zaidi, mara moja tu. John Magufuli alipofariki Machi 2021, kipindi chake kilikuwa kimebakiza zaidi ya miaka minne, kwa hiyo Samia Suluhu Hassan alibakiwa na nafasi moja ya kugombea, ambayo aliitumia mwaka 2025. Uganda, ng'ambo ya mpaka uleule, ilifuta ukomo wa vipindi mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017.