Taya la Bwana Blake

Inasemekana John Loudon McAdam, fundi wa barabara kutoka Uskochi, alikuwa na kipimo cha kokoto kisichohitaji rula: jiwe lisiloenea mdomoni halifai kumwagwa njiani. Kwa mizani alitaka lisizidi wakia 6, yaani kama gramu 170. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliwaonyesha Waingereza kwamba barabara haihitaji msingi wa mawe makubwa. Kokoto ndogo zenye kingo kali, zikikandamizwa na magurudumu yanayopita, hushikamana zenyewe.

Sasa nani atazivunja? Wazee, wanawake na watoto waliketi juu ya malundo kando ya njia, nyundo fupi mkononi, kutwa nzima. Katika nyumba za maskini za Uingereza, mtu asiye na kwake alilipia mkate na malazi kwa kuvunja mawe. Mlio wa kazi hiyo anaujua yeyote aliyepita Kunduchi, Dar es Salaam, akawakuta akina mama wakigonga kokoto juani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850, mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, uliamua kutengeneza barabara ya Whalley kwa mtindo wa McAdam, na Eli Whitney Blake akatiwa kwenye kamati ya kuisimamia. Alikuwa mpwa wa Eli Whitney, yule mbunifu wa mashine ya kuchambua pamba. Mjomba ndiye aliyemtoa kwenye masomo ya sheria akampeleka kiwandani kwake, kwenye kazi ya bunduki. Mjomba alipofariki mwaka 1825, Blake na nduguye wakaendelea na kiwanda, na baadaye wakafungua chao cha vitasa vya milango. Basi ni mtu wa vitasa aliyesimama kando ya barabara akashangaa kwamba nchi yenye treni na telegrafu bado inavunja mawe kwa nyundo.

Fumbo hilo lilimkalia kichwani miaka kadhaa. Tarehe 15 Juni 1858 akapewa hataza namba 20,542.

Alikuwa ameunda mdomo. Bamba moja la chuma limesimama wima, haliondoki. La pili linaning'inia mbele yake likiwa limeegemea nje, hivyo nafasi kati yao ni pana juu na nyembamba chini. Jiwe likitumbukizwa, taya linaloning'inia husogea kidogo tu, pengine hata upana wa kidole haufiki, na jiwe linapasuka. Taya likirudi nyuma, vipande vinateremka mpaka vinapobanwa tena. Vinang'atwa mara ya pili, ya tatu, hadi viweze kupita kwenye mwanya wa chini. Ukitaka kokoto ndogo zaidi, unaubana mwanya huo. Kutenga za robo tatu na za nusu inchi ni kazi ya chekecheke.

Nguvu inatoka kwenye goti. Nyuma ya taya kuna mabamba mawili yaliyokutana kwa kukunjana, na pale yanapokutana kuna mkono wa chuma unaopandishwa na kushushwa na ekseli. Mkono ukipanda, goti linanyooka na kulisukuma taya. Aliyewahi kusukuma gari lililokwama kwenye tope anaujua ujanja huo mwilini mwake: goti linapokaribia kunyooka husogea kidogo, lakini ndipo linaposukuma hasa. Na kwa kuwa taya hung'ata nusu ya mzunguko na kupumzika nusu nyingine, magurudumu mawili mazito ubavuni huweka akiba ya mwendo wakati wa kupumzika na kuitoa wakati wa kung'ata.

Sheria aliyoiacha ujanani ikamrudia uzeeni. Waigaji walizuka kila upande, na sehemu kubwa ya uhai wa hataza yake Blake aliimalizia mahakamani.

Kisha akaja Philetus Gates, na hataza ya mwaka 1881. Yake ilikuwa kinu na mchi: mchi mzito wa chuma unayumba ndani ya kinu, ukibana upande huu huku ukiachia ule, bila kupumzika. Mwaka 1883 mashine hizo mbili zilishindanishwa huko Meriden, Connecticut, kila moja ikipewa mawe yadi za ujazo 9. Kinu kilimaliza kama dakika 40 mapema. Ungedhani taya limezikwa siku hiyo. Halikuzikwa, kwa sababu ni rahisi kuhama nalo na kulitengeneza, na mdomo wake hupokea bonge ambalo kinu cha bei ileile kingelitema.

Meno yake nayo yalipata bahati. Mwaka 1882, Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, aligundua chuma cha manganizi, ambacho uso wake huzidi kuwa mgumu kadiri unavyopigwa. Ndicho kinachovishwa mataya ya makrasha, yaani mashine za kuvunja mawe, mpaka leo.

Makrasha mengi ya taya ya siku hizi yana bamba moja tu la goti, na bamba hilo lina kazi ya pili: limewekwa livunjike. Jino la kijiko cha kuchimbia likichomoka machimboni likaingia na mawe, taya haliwezi kulitafuna, na lazima kitu kikatike. Kama fundi hajajifanya mjanja akachomelea chuma kinene mahali pa bamba, litakatika goti. Taya linalegea, wafanyakazi wanakaa kivulini, na jino linachokolewa kwa mtaimbo.